Kwaresima ya Mama katika Mchanga wa Kawalase

Harufu ya makuti ya mkoma yanayoungua haifanani na ya moto mwingine wowote ninaoujua. Mwanzo ina utamu kidogo, kama sukari iliyomwagikia jiko, halafu inageuka chungu na kukwama kooni. Jirani yangu hapa Kakuma ni katekista, na kila mwaka, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, hukusanya yale matawi ambayo watu waliyachomeka juu ya milango yao tangu Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, akayachoma uani kwake katika karai kuukuu. Mimi hufunga dirisha. Joto lote la Februari hubaki nami ndani ya nyumba ya mabati, jasho likinitiririka mgongoni, na silifungui mpaka moshi umekwisha. Watu wa nyumbani kwangu wanadhani nina ugonjwa wa kifua. Ninyi nitawaambia ukweli: kifua changu ni kizima.

Nilikulia Lodwar, ng'ambo ya Kawalase. Asiyefika kwetu akisikia neno mto atafikiria maji, lakini Kawalase ni mchanga. Karibu mwaka mzima ni mchanga mpana, mweupe, unaounguza nyayo ukiupita saa sita. Mbuzi hukatiza, wanawake huchimba visima vifupi vya kuchota maji kwa kikombe, vijana hucheza mpira, na waendesha boda boda hupita mle mle kufupisha safari ya kwenda mjini. Halafu siku moja mvua hunyesha mbali, kwenye milima ambayo sisi hatuioni, na maji huja chini ya jua kali, ya rangi ya kahawia, yakiwa yamebeba miti mizima. Husikii mvua wala ngurumo ya radi. Unasikia sauti kama ya lori lenye mzigo linalopanda kilima, na wenye akili huwa wamekwisha kimbia.

Kaka yangu Ekai alichukuliwa na maji hayo wakati wa vuli. Alikuwa darasa la sita, mrefu, mwenye magoti makubwa kama ya ngamia, na alikuwa na tabia ya kuanza kucheka kabla hajamaliza kusimulia jambo la kuchekesha, hivyo sisi wengine tulicheka bila kujua mwisho wake. Jioni hiyo Mama alimtuma ng'ambo, dukani kwa Mama Halimo, akamchukulie simu aliyokuwa ameiacha ikichajiwa. Mama Halimo alikuwa Msomali, mjane, mwenye duka la kimo cha mtu pembeni kabisa mwa mto, upande wa mjini. Mama aliitaka simu ile ili azungumze na Baba, ambaye alikuwa mlinzi wa ghala la chakula cha wakimbizi huku Kakuma na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Ekai alivuka vizuri. Aliichukua simu vizuri. Maji yalimkuta katikati akirudi.

Walimpata chini kabisa, karibu na pale Kawalase inapoingia mto mkubwa wa Turkwel, amenaswa kwenye mizizi. Baba alikuja, akazika, akakaa kidogo, akarudi kazini kwa sababu kazi ya ulinzi haina mtu wa kukushikia. Mama alinyoa kichwa na kuvua shanga zake zote za shingoni kama desturi yetu inavyotaka. Siku za kuomboleza zilipopita, majirani walimkumbusha kwamba sasa anaweza kuzivaa. Alisema ndiyo, atazivaa. Zilibaki zimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na mahali zilipokuwa zimekaa tangu usichana wake palionekana ngozi nyororo, nyeupe-nyeupe, kama ya mtoto. Niliogopa kuiangalia shingo ile. Hakulia, au hakulia mbele yangu. Alifanya kazi zote kama kawaida, ila alizifanya kama mtu aliyeelezwa tu jinsi zinavyofanywa.

Basi ikaja Kwaresima.

Mwaka huo parokia yetu ilikuwa imepata Sista mgeni, msichana bado, mwenye sauti nyembamba na viatu vya kufunika vidole ambavyo mchanga wa Lodwar uliviadhibu kila siku. Tulimpenda kwa sababu alikuwa akitoka jasho hadharani bila aibu. Alizunguka kwenye jumuiya, na ya kwetu ilikutana Jumamosi alasiri chini ya kivuli cha turubai, nyumbani kwa Mzee Lokwang. Sista alituambia kwamba Kwaresima si kuacha nyama peke yake. Akaokota mawe matatu, akayapanga mbele yetu kama mafiga.

"Hili ni akili, hili ni mwili, hili ni roho," akasema. "Kila mmoja ajiwekee lengo moja kwa kila jiwe. Liwe dogo, lakini ulishike mpaka Pasaka. Mtu akitunza moja na kuacha mengine, chungu kitamwagika."

Mzee Lokwang aliyatazama yale mawe kwa muda. "Sista," akasema, "hiyo mawe ni ya watu ya ugali. Sisi nachoma nyama juu ya makaa tu."

Turubai lote lilicheka. Sista naye alicheka mpaka akajifuta macho. Mzee Lokwang, kwa kuona ameshangiliwa, akajitolea kuwa wa kwanza: kwa ajili ya mwili ataacha tumbaku. Tulimpigia makofi, na tukajuta. Hakuna aliyewahi kuona mzee mkali namna ile. Kufikia Jumamosi iliyofuata wake zake walikuwa wamemwendea Sista kumwomba amruhusu mume wao ajiwekee lengo lingine. Mwanamke mmoja aliahidi kuacha kuwasema wenzake, akaieleza ahadi hiyo kwa kututajia kwa majina wale ambao hatawasema tena na mambo ambayo hatayasema.

Zamu ya Mama ilipofika, watu walinyamaza. Tangu msiba alikuwa hajafungua mdomo kwenye jumuiya. Alisimama, mikono ameificha ndani ya leso.

"Kwa mwili, nitafunga kula," akasema. "Kwa akili, nitanyamaza. Kwa roho, nitakwenda kila siku kusali pale ambapo mtoto wangu alipotelea."

Alikaa. Wanawake kadhaa walipangusa machozi. Sista alisema taratibu, "Mungu akupe nguvu, Mama Ekai," na mimi nikahisi kifua kinanipanuka kwa fahari. Hakuna aliyekuwa amejiwekea malengo mazito kama yale. Mama yangu alikuwa amewashinda wote.

Watoto nao tuliulizwa. Niliposimama nilisema kwamba kwa ajili ya mwili nitaacha sukari kwenye chai, lengo rahisi sana kwa sababu nyumbani sukari ilikuwa imekwisha na hakuna aliyekumbuka kununua nyingine. Kwa ajili ya akili nitasoma kitabu changu cha shule kwa sauti kila jioni. Nilipofika kwenye roho nilikwama. Nilimwangalia Mama, na kwa kukosa cha kusema nikasema, "Nitakwenda kusali na Mama yangu. Kila siku."

Mama aligeuka akanitazama. Nilidhani amefurahi.

Niseme pia kwamba Sista alikuwa ametuahidi watoto picha ya rangi, ya Bikira Maria mwenye vazi la buluu na nyota kichwani, kwa kila atakayeshika malengo yake bila kuruka hata siku moja. Niliitaka picha ile kama nilivyotaka vitu vichache maishani. Sitaki mnione mtoto mtakatifu.

Nikaanza kumfuata. Kila siku, nikitoka shule, nilimkuta ameshajifunga leso, anatoka. Tulishuka kwenye mchanga wakati jua limeanza kuinama lakini bado kali, na alitembea mpaka katikati kabisa ya mto, mahali ambapo kingo zote mbili ziko mbali, akaketi. Hakuwa na rozari. Hakupiga magoti. Aliketi ameelekea juu, upande ambao maji hutokea, akanyoosha miguu mbele kama mwanamke anayesubiri kusukwa nywele. Mimi nilikaa kando yake na kuanza Salamu Maria, kwa sauti, nikihesabu kwa vidole. Siku ya kwanza hakunizuia. Siku zilizofuata alianza kunirudisha.

"Wewe rudi nyumbani."

"Nasali, Mama."

"Kasalie nyumbani. Mungu yuko hata nyumbani."

"Lakini nilisema mbele ya jumuiya. Nilisema na Mama yangu. Nikirudi nitakuwa nimevunja."

Alinitazama kwa macho makavu. "Nani alikuambia useme hivyo?"

"Hakuna mtu. Nilijisemea."

Tulikaa mpaka mimi nikasikia kiu, au njaa, au nikaanza kuogopa fisi ambao Ekai alikuwa amenidanganya kwamba hutoka jua likizama, nikamvuta leso: twende. Alikawia. Nilivuta tena, nikaanza kulia kidogo, kilio kile cha makusudi ambacho kila mtoto anakijua. Ndipo aliposimama. Ikawa hivyo kila siku. Mimi nilidhani ni kawaida ya watu wazima kuwa wazito kuinuka kwenye sala.

Nyumbani alinipikia. Aliketi kando yangu nikila, akinywa chai ya rangi isiyo na kitu, na nikimwuliza mbona hali, alijibu, "Nimefunga." Jibu lilinitosha. Mgongo wake ulianza kuonekana kupitia nguo, mfupa kwa mfupa, na bangili ya chuma aliyovishwa siku ya harusi, ambayo tulizoea kusema haiwezi kutoka mpaka aitwe fundi, ilianza kupanda na kushuka mkononi mwake hadi kwenye kiwiko. Kanisani, kwenye Njia ya Msalaba, aliyumba akashika ukuta, na nyuma yangu nikasikia mwanamke akinong'ona, "Huyu anafunga kweli, si kama sisi." Nilirudia maneno hayo shuleni. Nilimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba Mama yangu hali kitu kuanzia Jumatano ya Majivu.

Mtu wa kwanza ambaye hakumsifu alikuwa Mama Halimo. Mama hakuwa ameingia dukani kwake tangu vuli. Kama kuna kitu kilihitajika ng'ambo, nilitumwa mimi, na sikupitishwa mchangani: nilizungushwa mbali, kwa njia ya daraja. Siku hiyo nilikuwa nimetumwa kiberiti. Mama Halimo alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akichambua mchele.

"Wewe, msichana, kuja," aliniita. "Mama yako nafunga?"

"Ndiyo. Ni Kwaresima yetu."

"Najua. Mimi naishi na nyinyi siku mingi. Nauliza, jioni nafungua na nini?"

Sikuelewa. "Hafungui," nikasema. "Amefunga."

Mikono yake iliacha mchele. "Jua ikizama, hakuna kitu? Uji? Tende? Hata mkate?"

"Chai."

Alitazama kule mchangani kwa muda mrefu. Duka lake, kama nilivyosema, lilikuwa pembeni kabisa mwa mto. Kutoka pale kigodani mtu aliona kila kitu.

"Sisi nafunga mwezi mzima," akasema, kama anajisemea. "Lakini jua ikizama, tunakimbia kwa chakula kama watoto. Mungu nataka turudi kwa chakula. Hii yenu..." Hakumaliza. Alifunga anjera kadhaa, zile chapati laini za Kisomali, kwenye karatasi, akaweka juu kipande cha nyama, akaniambia, "Peleka. Mwambie Halimo amesema akule. Mwambie, mimi pia ile siku sijasahau. Mimi ndio nilimpa simu kwa mkono yangu."

Nilipeleka. Nilimwambia Mama maneno yote, na la simu pia. Aliishika ile karatasi yenye mafuta kwa mikono miwili, akakaa nayo mapajani mpaka anjera ikapoa. Kisha akanisogezea. "Kula wewe," akasema.

Mama Halimo alimpigia Baba. Hilo nilikuja kulijua baadaye kwa Baba mwenyewe, ambaye alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, aliyeamini kwamba mambo ya msiba hutunzwa kwa kutoyagusa. Alimjibu kwamba mke wake ana huzuni, na kama amepata kimbilio kwa Mungu, ni nani amkataze? Angekuja Pasaka. Mama Halimo alimjibu kwa Kisomali, na Baba alisema hakuhitaji mkalimani.

Siku yenyewe haikuwa na alama yoyote. Anga lilikuwa tupu, la buluu iliyopauka kwa joto. Tulikuwa tumeketi mahali petu. Nilikuwa nimefika katikati ya hesabu yangu ya Salamu Maria nilipoona vijana waliokuwa wakicheza mpira chini yetu wamesimama wote, mpira unajiendea peke yake. Halafu wakakimbia. Hawakupiga kelele kwanza, walikimbia. Mwanamke aliyekuwa akichota kisimani aliacha mtungi. Ndipo nikaisikia ile sauti, lori lenye mzigo linalopanda kilima.

"Mama," nikasema. "Maji."

Hakugeuka. Alikuwa akitazama kule juu, na uso wake ulikuwa umelegea, umetulia kabisa, kama uso wake wa zamani. Sikuwa nimeuona uso ule tangu Ekai. Hata katika hofu yangu ulinifurahisha.

"Mama, maji yanakuja."

"Nenda," akasema, kwa upole sana. "Kimbia. Nenda kwa Halimo."

"Na wewe?"

"Kimbia, mwanangu."

Kwenye ukingo watu walikuwa wanapiga mayowe, kwa Kiturkana, kwa Kiswahili, na Mama Halimo juu ya wote kwa lugha yake, shungi limemwanguka mabegani. Ninawaambia kile ninachokumbuka, na ninakikumbuka vizuri: sikukimbia. Sikuwa jasiri. Kichwani mwangu palikuwa na jambo moja la kipumbavu, kwamba sala haijaisha, na kwamba nilisema na Mama yangu. Nilimshika leso kwa mikono yote miwili, nikajikunja kando ya mguu wake, nikafumba macho.

Nilimsikia akisema jina la Mungu wetu wa zamani, Akuj, si la kanisani. Kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa binadamu, ya hasira tupu, na nikanyanyuliwa. Mwanamke yule ambaye hakuwa amekula siku zote zile, ambaye alishika ukuta kanisani, alinibeba kifuani kama mtoto mchanga, na mimi nilikuwa msichana wa darasa la nne, akakimbia katika mchanga ule mzito. Maji yalimfika magotini tukiwa karibu na ukingo. Aliyumba. Mikono ikatushika, na mmojawapo, ninakumbuka, ulikuwa na hina.

Walitulaza mbele ya duka. Nyuma yetu mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na mahali tulipokuwa tumeketi palikuwa pakipita mti wenye mizizi yake juu. Mama Halimo alileta kikombe cha chai nzito ya maziwa, yenye sukari na hiliki, akamshika Mama kisogo, akakipeleka mdomoni mwake kwa nguvu, kama anavyonyweshwa mwana-mbuzi.

"Kunywa. Leo nafungua. Kunywa!"

Mama alikunywa, akatapika, akanyweshwa tena. Kisha akaanza kulia. Alilia kwa sauti, akipiga mchanga kwa viganja, na Mama Halimo alikaa naye chini, akamkumbatia, akaanza naye kulia. Watu waliondoka mmoja mmoja kwa heshima. Mimi nilipewa chai yangu. Ilikuwa na sukari, nikainywa yote. Lengo langu la mwili likawa limevunjika papo hapo.

Baba alikuja siku iliyofuata akiwa ameomba lifti kwenye lori la mizigo, amejaa vumbi hadi kope. Alifungasha vyombo, akafunga nyumba, tukahamia Kakuma, kwenye chumba kimoja nyuma ya soko ambako kila asubuhi ulisikia Kisomali, Kiarabu cha Juba, na Kiswahili cha Wakongo ambacho kwetu kilisikika kama wimbo. Kulikuwa na mganga mwanamke pale hospitali ambaye Mama alipelekwa kwake kila wiki. Mlango ulifungwa, nami nilisubiri nje kwenye benchi. Nilidhani anatibiwa tumbo.

Pasaka ile tulisali Kakuma. Kwaya ilikuwa ya wakimbizi, ngoma zilipigwa mpaka mabati yakatetemeka, watu wakacheza kwenye njia ya katikati na vitambaa mikononi. Mama alisimama nasi tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuimba. Kwenye chakula cha mchana alikula vijiko vichache vya wali, huku Baba akimwangalia na kujifanya hamwangalii.

Alipona, kama watu wanavyosema. Alianza kuuza mboga, baadaye akapata kijishamba kidogo upande wa Kalobeyei. Shanga alizivaa tena mwaka mmoja, kwenye harusi ya binamu. Lakini kwangu mimi aliondoka na hakurudi. Alinivisha, alinilisha, alinilipia shule kwa jasho lake, na hakunigusa. Jina langu ni Nakiru, maana yake aliyezaliwa wakati wa mvua, na tangu Kawalase hakulitamka. Aliniita wewe, au mwanafunzi, na nilipopata kazi ya ualimu akaniita mwalimu, kama mgeni. Nilipokuwa msichana nilimweleza Baba kwamba Mama ananichukia. Alisema, "Usiseme hivyo," lakini hakusema si kweli. Nilijitafutia sababu nyingi. Niliamini kwamba alitamani maji yangenichukua mimi yakamwachia Ekai, na niliishi na wazo hilo kama mtu anavyoishi na jiwe ndani ya kiatu, akijifunza kukanyaga upande.

Mwaka jana, Kwaresima ikikaribia, Baba akiwa tayari ametangulia mbele ya haki, nilikwenda kumwona Mama Kalobeyei. Kanisani kwetu walikuwa wametangaza tena mambo ya malengo, akili, mwili na roho, safari hii kwa kipaza sauti na mabango. Nilikuwa nimemwekea chakula jikoni, nikawa naongea tu ili pasiwe kimya. Nikamwuliza, nusu kwa utani, yeye mwaka huu atajiwekea lengo gani.

"Mimi sina," akasema. "Nilikuwa nalo moja, ukalivunja."

Niliacha kukoroga.

"Ulikuwa unafikiri nasali," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa nangoja maji." Alisema hivyo akitazama mikono yake, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia bei ya sukuma wiki. "Kufunga ilikuwa ni ili nikiyaona nisiwe na nguvu ya kubadilisha mawazo. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Kisha ukaja na Salamu Maria zako. Kila siku nakufukuza, kila siku uko. Na siku yamekuja kweli, ukakataa kuondoka."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akivuta mtungi wa plastiki kwenye changarawe. Nilingoja mpaka sauti ile ipite.

"Nilikukasirikia," akasema Mama. "Nikikuona nilikuwa naona mtu aliyenishika leso. Nilijua si haki. Mganga aliniambia si haki, mimi mwenyewe nilijua. Lakini hasira haikuondoka kwa kujua."

"Na sasa?"

Alifikiri. Hakuwahi kunidanganya, na hakunidanganya hapo.

"Sasa imepungua," akasema. "Nimezeeka."

Nimelala na maneno hayo usiku baada ya usiku tangu wakati huo. Mama Halimo alisema mpaka kufa kwake kwamba nilimwokoa mama yangu, na Sista yule, kabla hajahamishwa, aliisimulia habari yetu kanisani kama mfano wa nguvu ya sala ya mtoto. Nilipokuwa mdogo niliwaamini. Niliona kwamba kazi iliisha pale ukingoni, mbele ya duka, kikombe cha chai kilipofika mdomoni. Sikujua kwamba nilikuwa nimemtoa tu kwenye maji na kumrudisha kwenye nyumba ambayo Ekai hakuwamo, na kwamba kuamka katika nyumba hiyo, kuosha uso, kumvisha mtoto aliyemzuia na kumpeleka shule, yote hayo alilazimika kuyafanya yeye mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, wakati mwingi bila kutaka, na bila mtu wa kumpigia makofi. Nilidhani ananinyima upendo. Sasa naona alikuwa ananipa kila alichobaki nacho, nacho kilikuwa kidogo.

Siku ile nilipakua chakula, nikamwekea mbele yake, nikakaa. Alikula polepole, akamaliza sahani yote, akaniambia kwamba chumvi haikutosha.